Upepo Una Wenyewe

Wako watu wasemao kwamba utamaduni ni ngoma, shanga na ngao za kutundika ukutani. Watu hao humwalika mfugaji kwenye sherehe ili acheze, kisha humsahau siku ya kuamua ardhi yake itumiwe na nani. Sisi twasema kwamba namna jamii inavyoshauriana juu ya malisho, maji na misitu ndiyo kiini cha utamaduni wake.

Tutazame Loiyangalani, katika Marsabit, kaskazini ya Kenya. Kati ya mlima Kulal na mlima Nyiro upepo huvuma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Huko ulizinduliwa mwaka 2019 mradi wa umeme wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Kwa ajili yake zilitengwa ekari 150,000 hivi za malisho ya Warendile, Wasamburu na Waturkana. Wananchi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha utaratibu, ikatoa mwaka mmoja kasoro irekebishwe. Wakati huo mitambo ilikuwa imekwisha kuzunguka miaka mingapi?

Watetezi watatuambia kwamba umeme ni wa taifa zima, kwamba upepo hauchafui hewa, na kwamba mitambo yenyewe hukalia sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Ni kweli tupu, na umeme huo twautaka. Lakini ikiwa sehemu iliyohitajika ni ndogo, hati ya eneo zima ilikuwa ya nini? Swali hilo mzee yeyote wa Kirendile angaliliuliza barazani.

Tena kuna kasumba ya kuiita ardhi ya mfugaji ardhi tupu. Mfugaji huhama ili majani yaote. Karani apitapo msimu huo haoni boma wala ng'ombe, akaandika kwamba hapana mwenyewe. Kasumba hiyohiyo, ikivaa joho la hifadhi, iliwaondoa Waogiek katika msitu wa Mau. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kwamba serikali haikuleta ushahidi kuwa kuwapo kwao ndiko chanzo kikuu cha kuharibika kwa msitu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Basi ushiriki huo uwe na umbo: mkutano ufanywe kabla ya hati kuandikwa, katika msimu ambao wafugaji wako nyumbani, ramani ielezwe kwa lugha yao, wanawake, ambao ndio wachota maji, wasikilizwe, na jibu la "hapana" liandikwe katika kumbukumbu kama lilivyotamkwa.