MTO NAIROBI NA MAJINA YENYE VISA

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Ndugu wasomaji, wengi wetu hupita kando ya Mto Nairobi kila asubuhi, kutoka Bustani ya Michuki hadi Gikomba, kazi yetu kuziba pua tu. Hatuulizi lolote. Kumbe majina ya mahali hapo yana visa chungu nzima!

Jina la jiji letu lenyewe lilitoka mtoni. Wamaasai walipaita Enkare Nyrobi, yaani maji baridi. Siku hizi nani atathubutu kuyaonja?

Tuje Grogan. Barabara ile ilibadilishwa jina baada ya uhuru ikawa Kirinyaga, lakini ukitafuta spea ya gari, mafundi watakwambia, "Enda Grogan." Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, sehemu kubwa kwa miguu, akafika mwaka 1900. Eti alitaka kumthibitishia baba wa kambo wa mchumba wake, Gertrude, kwamba yeye ni mwanamume kamili! Hapo tucheke. Lakini mwaka 1907 bwana huyohuyo aliongoza wenzake kuwachapa viboko Wakikuyu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Akafungwa mwezi mmoja tu. Hapo kicheko kinakauka.

Sogea kidogo ufike Kariokor. Watu wanajua nyama choma na vyondo. Jina hilo ni Carrier Corps lililopindwa na ndimi zetu: kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi.

Wako wanaosema jina la Grogan lisitamkwe tena. Mimi sikubaliani nao. Serikali ilishalifuta kwenye kibao, ulimi wa raia ukakataa. Heri jina libaki na kisa chake chote kisimuliwe, kitamu na kichungu. La sivyo, aliyechapa viboko atakumbukwa kwa spea, na waliokufa wakibeba mizigo watakumbukwa kwa nyama choma. Je, hiyo ni haki?

Naomba chama chetu kiandikie Kaunti ya Nairobi barua, vibao vya historia viwekwe kando ya mto, tena kwa Kiswahili sanifu. Nasi wanafunzi tuwaulize wazee wa mitaa hiyo wangali hai. Shime wenzangu, mwacha asili ni mtumwa!