Koilova kwenye Gari Kuukuu: Barabara za Tabora Zinataka Nini?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mwezi Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, na hivyo kukamilisha lami kati ya Manyoni na Tabora. Barabara hiyo hukatiza nyika ambayo wapagazi wa karne ya 19, waliotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe na Ujiji, waliiita Mgunda Mkali. Leo gari dogo lililotengenezwa Japani miaka 20 iliyopita hupita hapo kwa mwendo wa basi. Shokapu zake, hata hivyo, huenda ni zilezile lilizoshuka nazo bandarini.

Ndipo yanapokuja mazungumzo ya koilova. Hii ni springi na shokapu zilizoundwa kuwa kifaa kimoja, chenye uzi wa nati unaomwezesha fundi kushusha au kupandisha kimo cha gari. Wengi huipenda kwa sababu gari hutulia kwenye kona na huonekana limekaa chini kama la mashindano. Je, inafaa kwa gari la kwenda sokoni, kazini na shuleni? Kwa mazingira ya Tabora, jibu la uchambuzi huu ni kwamba mara nyingi haifai, na sababu zake zinahusu usalama kabla ya fedha.

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Shokapu ikichoka, tairi huachana na barabara kwa nukta ya sekunde, na tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kufuata usukani. Dalili zake zinajulikana: mafuta yanayovuja kwenye shokapu, tairi kuliwa kwa mabaka, pua ya gari kuzama sana wakati wa breki, na gari kuyumba linapopishana na lori. Mwenye gari huona kasoro hiyo kama usumbufu wa safari. Mtembea kwa miguu aliye mbele yake huilipia kwa umbali wa kusimama ulioongezeka.

Safari moja ya Tabora ina barabara za tabia mbili. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Mitaa ya Ipuli, Cheyo au Ng'ambo ipo chini ya TARURA, na sehemu yake bado ni udongo. Gari lililoshushwa hutamba kwenye lami ya Nzega, kisha hukwaruza tumbo kwenye tuta la kwanza la mtaani. Gari likishushwa, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua. Shokapu hugonga mwisho wake, na pigo hilo huhamia kwenye bushi, boljointi na bodi ambavyo navyo vina miaka 20. Vumbi la kiangazi, ambalo hapa si haba, huingia kwenye uzi wa nati na matope ya masika huligandisha. Marekebisho yaliyolipiwa kwa bei kubwa hayawezekani tena baada ya msimu mmoja.

Koilova za mtumba zina kasoro nyingine: anayezinunua hununua uchakavu wa mtu mwingine. Kukata springi ili kushusha gari, au kubandika vipande vya chuma chini yake ili kulinyanyua, ni hatari zaidi, ingawa ndiyo njia ya bei nafuu inayovutia wengi.

Busara ni kuanza na vilivyochakaa. Katika Toyota IST, kwa mfano, springi na shokapu za mbele tayari zimekaa pamoja kiwandani, na za nyuma zimetengana. Shokapu mpya za vipimo vya awali, zikibadilishwa jozi kwa jozi pamoja na bushi na raba za juu, hurudisha sehemu kubwa ya utulivu unaotafutwa kwenye koilova. Fundi abane springi kwa kibanio maalumu kabla ya kuifungua, kwa kuwa springi iliyofyatuka inaweza kuua. Boliti za bushi zikazwe magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Kisha hufuata alaimenti na upimaji wa taa za mbele. Anayeamua kufunga koilova hata hivyo, achague mpya zilizotengenezwa kwa modeli yake na aziweke kwenye kimo cha awali.

Kisheria, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hushughulikia ubora wa gari lililotumika wakati wa kuingizwa nchini. Kinachofanyika gereji miaka kumi baadaye ni wajibu wa mmiliki, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Mmiliki aliyebadili mfumo huo anashauriwa pia kuiarifu kwa maandishi kampuni yake ya bima kabla ya safari, kwa kuwa badiliko lililofichwa laweza kuzua mgogoro wakati wa kudai fidia.

Jaribio la awali halihitaji gharama: kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha achilia. Likiendelea kudunda zaidi ya mara mbili, lipelekwe kwa fundi kabla ya safari ya Manyoni.