Sulhu Isiyokuwa Sulhu



Liko neno tukufu katika dini yetu ambalo mitaani limeanza kutumiwa kwa dhulma, nalo ni sulhu. Mtoto hunajisiwa, na mtendaji akawa ni jirani, au ami, au hata, Allah atustiri, ustadh aliyeaminiwa kumsomesha Qur'ani. Wazee hukutana barazani, na kabla ya magharibi kuingia pesa zimekwisha hesabiwa, mama ameambiwa anyamaze kwa heshima ya nyumba. Mtoto mwenyewe haulizwi.

Sisi twasema wazi kuwa hiyo si sulhu. Walii ni mwenye amana. Tumesomeshwa sote chuoni kwamba walii wa yatima hana ruhusa ya kumgawia mtu hata mnazi mmoja wa yatima huyo, kwa kuwa si mali yake. Asiyeweza kusamehe mnazi, atasameheje mwili wa mtoto? Wapo watakaotutolea hoja ya sitri. Sitri ni kumfunika mja aliyekosa baina yake na Mola wake. Haikuwekwa kumficha mwenye kudhulumu wengine, kesho akahamia mtaa wa pili akaanza upya.

Sheria ya nchi nayo imeufunga mlango huo. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka hauko mikononi mwa familia, wala mwa askari wa kituoni. Karatasi iliyotiwa saini barazani haiui kesi. Wala mama asielekezwe kwa Kadhi: mahakama yake, kwa mujibu wa Katiba, yahusika na ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Jinai si yake.

Linalotutia hofu zaidi ni wakati. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na siku tatu hizo ndizo hasa zinazopotelea barazani. Basi mtoto apelekwe hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Asioshwe, ingawa twajua moyo wa mama utataka kumtwaharisha papo hapo. Nguo zake zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwani plastiki huweka unyevu ukaharibu ushahidi. Kisha ndipo kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, na fomu ya P3 ijazwe na daktari.

Ikiwa mwovu yumo nyumbani humo humo, yuko afisa wa watoto. Wengi wamwogopa wakidhani kazi yake ni kunyang'anya watu watoto wao, na hilo si kweli. Lakini aweza kwenda mahakamani kumwombea mtoto hifadhi palipo salama. Nambari 116 nayo hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Bibi aweza kuipiga, jirani aweza, hata mtoto mwenyewe.

Na wazee wetu, wakitaka kukutana, wakutane kumchangia mama huyo nauli na kumpa mtu wa kufuatana naye mahakamani. Kesi hizi huchukua miezi mingi, na nyingi hufa kwa shahidi kukosa kufika.