Twende Tukaitazame Hifadhi Yetu

Wakulima wa Katilu, watu hutoka Ulaya kuja kutazama tembo wa Kenya. Sisi tulio majirani zao twawajua kwa mahindi yaliyokanyagwa tu. Jambo hili si zuri.

Hifadhi ya Turkana Kusini ilitangazwa mwaka 1979, na ile ya Nasolot, upande wa Pokot, mwaka huo huo. Tembo hupita baina ya hizo mbili, wakifuata maji na miti ya mto Turkwel, mto ule ule unaojaza mifereji yetu.

Shauri langu ni hili: wazee na vijana wa skimu waulize kwanza habari za usalama, kisha waende huko kwa miguu pamoja na askari wa wanyama, wakazione njia za tembo. Aijuaye njia ya tembo halimi juu yake, wala hakati migunga ya ukingoni achome makaa. Maana tembo akikosa majani huko, atayafuata mahindi huku.

Mtu aweza kuuliza, "Na hasara yangu je?" Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 yaruhusu fidia ya mazao, basi toa ripoti upesi. Lakini fidia haijazi ghala kama mavuno.