Mshahara wa Askari Usiwekwe Rehani

Kwa muda wa siku 43, tangu Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, serikali ya Marekani, nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote duniani, ilifunga sehemu kubwa ya shughuli zake kwa kuwa wanasiasa wake walishindwa kuafikiana juu ya fedha za matumizi. Watumishi mamia kwa maelfu walirudishwa majumbani bila malipo, na wengine mamia kwa maelfu wakaamriwa kuendelea na kazi, nao pia bila malipo. Miongoni mwa walioamriwa kuendelea walikuwamo wanajeshi wapatao milioni 1.3. Wengi wetu tulilisikia jambo hilo likitajwa kama ugomvi wa vyama viwili tu, ilhali ndani yake mna swali zito la haki: je, ujira wa mtu aliyelazimishwa kufanya kazi ni haki yake, au ni hisani ya mtawala?

Tunajua wapo watakaouliza inatuhusu nini mishahara ya jeshi lililopigana Iraq na Afghanistan. Jibu letu ni kwamba dhulma haipimwi kwa kumpenda au kutompenda aliyedhulumiwa. Sera za vita ni mjadala mwingine, na tumekuwa na maneno yetu juu yake. Hapa tunazungumzia kijana aliyetumwa, akatumika, na mwisho wa nusu mwezi akaambiwa asubiri.

Inakuwaje serikali ifungwe hali ya kuwa kodi zinaendelea kukusanywa? Katiba ya Marekani hairuhusu fedha kutoka Hazina isipokuwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge lao, Kongresi. Tena Katiba hiyo inakataza jeshi la nchi kavu kutengewa fedha za zaidi ya miaka miwili kwa mara moja, kwani waasisi wake waliliogopa jeshi la kudumu lililo mkononi mwa mtawala mmoja. Hofu hiyo ilikuwa na hekima ndani yake. Juu ya hayo kuna sheria yenye mizizi katika karne ya 19, inayowakataza maofisa kutumia, au hata kuahidi, fedha ambazo hazijaidhinishwa. Kwa miaka mingi sheria hiyo haikufunga ofisi, mpaka mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipoitafsiri kuwa fedha zikikatika, kazi nazo zisimame. Mwaka 1981 akafafanua kwamba kazi za kulinda uhai na mali ziendelee. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi la watu ambao sheria inawalazimisha kuwa kazini, na sheria hiyo hiyo inazuia wasilipwe. Katika nchi zinazofuata mtindo wa Bunge la Uingereza, bajeti ikikataliwa kinachotikisika ni kiti cha serikali yenyewe. Kule kinachotikisika ni chungu cha mtumishi.

Na askari ndiye aliyefungwa zaidi. Hana chama cha wafanyakazi, hana mgomo, na akiacha kituo chake bila ruhusa ametenda kosa la jinai ya kijeshi. Anayeandikisha jina lake jeshini anatoa uhuru wake wa kuondoka. Malipo ndiyo upande wa pili wa mkataba huo.

Kila mara mgogoro unapozuka hutafutwa kiraka. Mwaka 2013 Rais Obama alisaini sheria ya kuwalipa wanajeshi Septemba 30, saa chache kabla ya serikali kufungwa kwa siku 16. Kiraka kikaonekana kimetosha. Kumbe dola 100,000 ambazo familia ya askari aliyefariki hupewa haraka, ili imudu mazishi na siku za mwanzo za msiba, hazikuguswa na sheria ile. Askari waliuawa Afghanistan katika siku hizo hizo, na wafiwa wakaambiwa kuwa fedha hazipo. Taasisi ya hisani, Fisher House, ikajitolea kubeba mzigo huo, na ni baada ya kelele za aibu ndipo sheria nyingine iliposainiwa Oktoba 10. Taifa lililopata fedha za ndege ya kumrudisha maiti wa askari wake lilikosa fedha za kumfuta machozi mjane.

Mzozo wa ukuta wa mpakani, uliofunga serikali kwa siku 35 hadi Januari 25, 2019, ulifichua jingine. Wizara ya Ulinzi ilikwisha kupata fedha zake, lakini Walinzi wa Pwani, ambao ni kikosi cha kijeshi kilicho chini ya wizara nyingine, hawakuwa nazo. Wanajeshi wake wapatao 42,000 walikosa mshahara wa Januari 15. Siku tano baadaye meli yao Bertholf iling'oa nanga Alameda, California, kuelekea magharibi ya Bahari ya Pasifiki, mabaharia wakiwa hawajalipwa na wake zao wakiwa nyumbani na bili mkononi. Waraka wa ushauri kwa watumishi wa kikosi hicho ulipendekeza wauze vyombo vyao vya nyumbani, walee watoto wa watu na watembeze mbwa wa majirani. Uliondolewa baada ya kugunduliwa na waandishi wa habari. Katika migogoro hii vyama vya akiba na mikopo vya wanajeshi vimekuwa vikitoa mikopo isiyo na riba. Hata katika nchi ambayo uchumi wake umesimama juu ya riba, walitambua kuwa si halali kuchuma faida juu ya mshahara uliozuiwa.

Katika kufungwa kwa mwaka 2025 Kongresi haikupitisha hata kile kiraka cha 2013. Ikulu iliagiza mshahara wa Oktoba 15 utolewe kwenye mabilioni yaliyotengwa kwa utafiti na uundaji wa silaha, na wa mwisho wa mwezi ukakusanywa kutoka mafungu mengine, likiwamo la posho za nyumba za wanajeshi. Kisha Pentagon ikapokea dola milioni 130 kutoka kwa tajiri mmoja, rafiki wa Rais. Zigawanye kwa askari wote utapata kama dola 100 kwa kila mmoja. Askari walilipwa, na tunafurahi kwamba watoto wao walikula. Lakini watu waadilifu wana haki ya kuuliza: jeshi ambalo waasisi hawakutaka lilishwe kwa amri ya mtu mmoja limelishwa kwa amri ya nani? Leo tajiri amechangia mshahara. Kesho atachangia nini, na atataka nini?

Aidha, ukarimu ule uliwachagua watu. Mkaguzi wa abiria na mwongoza ndege, ambao nao sheria inawakataza kugoma, walibaki kazini mikono mitupu, na waongoza ndege wa nchi hiyo hawajasahau kwamba mwaka 1981 zaidi ya wenzao 11,000 walifukuzwa kwa kugoma. Tunashuku kuwa askari aliangaliwa kwanza kwa sababu njaa yake inatia aibu mbele ya kamera.

Iko hoja ya upande wa pili ambayo si ya kupuuza. Wanasema mishahara ikilindwa moja kwa moja, wanasiasa hawatakuwa na haraka ya kuafikiana, na serikali itafungwa kwa miezi. Pengine ni kweli. Lakini maana ya hoja hiyo ni kwamba njaa ya familia ya askari ndiyo fimbo ya kuwafukuzia wanasiasa mezani. Huko ni kumweka mtu rehani kwa deni lisilo lake. Rehani huwekwa na mdaiwa kutoka katika mali yake mwenyewe, na wadaiwa wa bajeti ni wajumbe wa Kongresi, ambao mishahara yao, dola 174,000 kwa mwaka kwa mjumbe wa kawaida, hulipwa kwa sheria ya kudumu na haikukatika hata siku moja katika siku zote hizo.

Kama sheria ya kudumu inawezekana kwa anayepiga kura, inawezekana kwa anayekesha lindoni. Oktoba 23, 2025 Seneti iliupigia kura muswada wa kuwalipa askari na watumishi wote walioamriwa kufanya kazi, nao haukufikia kura 60 zilizohitajika. Waliopinga walisema unampa Rais uwezo wa kuchagua nani alipwe na unawaacha waliorudishwa nyumbani. Hizo ni kasoro za kurekebishwa kwa kalamu, katika siku moja ya kazi, kwa watu wenye nia. Sheria iliyofungua serikali Novemba 12 iliahidi malimbikizo, ikaweka Januari 30, 2026 kuwa ukomo mpya wa fedha za wizara nyingi, na haikuwa na kifungu cha kudumu cha kumlinda mtu yeyote kati ya hao.