Kaka amerudi toka hospitali, ila siye yule aliyeondoka

Nilipotea kidogo hapa kijiweni, mambo ya familia. Na leo nayaleta hayo hayo ya familia, maana nimegundua si ya kwetu peke yetu.

Kila siku tunasoma habari ya mistari mitatu: bodaboda wawili wafariki, mmoja ajeruhiwa. Waliokufa tunawazika na stori inaisha. Huyu aliyejeruhiwa anaendaga wapi?

Mmoja yuko kwetu. Ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, hapa hapa Morogoro. Mwaka 2022 aligongana na Noah usiku, helmeti yake ikiwa imening'inia kwenye usukani kama kawaida yao. Alilazwa siku tisa. Akapigwa CT scan, tukaambiwa kichwani hakuna damu, mshukuruni Mungu. Akaruhusiwa na panadol na tarehe ya kutoa nyuzi. Mama mkubwa akachinja kuku.

Mwezi wa pili ndo tukaanza kushangaa. Huyu jamaa alikuwa bahili wa kuheshimika, ana daftari anaandika hesabu ya tajiri elfu kumi kila siku na kinachobaki mpaka shilingi mia. Sasa akawa anabeba watu bure, halafu abiria anayefuata anataka kupigana naye kwa ajili ya mia mbili. Pale kijiweni yeye ndiye alikuwa mchekeshaji. Sasa ukimpiga utani anakutazama, anauliza, "Hiyo ni kweli?" Redio ya jirani ikilia taarab ya zamani, machozi yanamtoka, na hajui kwa nini.

Halafu akaanza kusema ukweli. Yaani kila ukweli. Kwenye kikao cha harusi alisimama akamwambia mweka hazina kwamba hela ya michango ameila. Na kweli alikuwa ameila! Wiki ile nusu ya mtaa walimpenda. Wiki iliyofuata alimwambia shemeji yake jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, na hiyo ilikuwa kweli pia.

Kikao cha ukoo kikakaa. Mjomba akasema bangi. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Mganga akachukua laki mbili na jogoo. Tajiri akachukua pikipiki yake. Wifi yangu akavumilia mwaka mzima, akachukua watoto akarudi kwao Kilosa, na mimi simlaumu. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyetaja kichwa, maana kichwa tulishaambiwa kizima.

Mimi ni kijana wa form four tu, si daktari. Kilichonifungua macho ni mpira.

Mnakumbuka fainali ya Kyiv 2018, Liverpool na Real Madrid? Mimi nilikuwa kibanda umiza. Kipa Karius anarusha mpira kwa mkono, Benzema anaweka mguu, goli. Baadaye Bale anapiga toka mbali, mpira unapita kwenye mikono ya kipa, mwisho 3-1. Tulimcheka mpaka asubuhi, wengine walisema kahongwa. Siku chache baadaye madaktari wa hospitali moja ya Boston walimpima wakasema alipata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi ile ile, na inaelekea ulimvuruga macho. Dakika chache kabla ya goli la kwanza alikuwa amepigwa kiwiko na Ramos. Mtu alikuwa amesimama, anakimbia, anaongea, kumbe ndani mambo yamevurugika, na watazamaji dunia nzima hatukuona.

Kabla yake, fainali ya Kombe la Dunia 2014, Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwa, akaendelea kucheza, kisha akamuuliza refa: hivi hii ndiyo fainali? Dakika ya 31 wakamtoa.

Wenye mpira waliamka. Mwaka 2021 walianza majaribio ya kubadilisha mchezaji aliyegongwa kichwa bila kuhesabu ile sabu, na tangu Julai 2024 imeingia kwenye sheria za mchezo kwa mashindano yanayotaka kuitumia. Nimejiuliza kwa nini mpira umeamka na barabara imelala. Jibu langu ni kwamba mchezaji ana thamani iliyoandikwa kwenye karatasi. Bodaboda akiharibika, anatafutwa mwingine, na pikipiki inalala na hesabu yake.

Sasa nini kinatokea humo ndani? Ubongo ni laini, umekaa kwenye maji ndani ya fuvu. Pikipiki ikisimama ghafla fuvu linasimama, ubongo unaendelea na safari, unajigonga na kujisokota. Nyuzi ndogo ndogo za mawasiliano zinavutika, nyingine zinakatika. CT scan inaona damu na mfupa uliovunjika, lakini nyuzi hizo mara nyingi haizioni. Ndiyo maana karatasi inaweza kusema safi na mtu akawa mwingine. Na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki: inakuzuia usiseme, usinunue, usipige. Breki ikilegea, mwenyewe mara nyingi hajui. Kaka yangu mpaka leo anasema tuliobadilika ni sisi.

Kuna wadau wataniletea ile stori ya Mmarekani. Naijua. Jason Padgett, muuza fanicha wa Tacoma, mwaka 2002 alipigwa na watu wawili nje ya baa. Hesabu alikuwa hana habari nazo, lakini baada ya kipigo akaanza kuona maumbo kila mahali na kuyachora kwa penseli na rula, akawa mtu wa hesabu, na 2014 kikatoka kitabu. Stori tamu. Ila wanaoisambaza wanaruka kipande kimoja: jamaa huyo huyo alijifungia ndani miaka kadhaa kwa woga wa watu na vijidudu. Na wa aina yake waliorekodiwa duniani kote ni makumi tu. Wa aina ya kaka yangu nenda wodi yoyote ya majeruhi utawakuta.

Mimi stori inayonipa moyo ni ya kale zaidi. Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, mwaka 1848 chuma cha zaidi ya mita moja kilipita shavuni kikatokea utosini. Akapona, rafiki zake wakasema siye yule tena, na hapo ndipo vitabu vingi vinapoishia. Lakini baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria miaka kadhaa. Kazi ya abiria, kama kaka! Njia ile ile, saa zile zile. Wanaomchunguza siku hizi wanasema huenda ratiba hiyo ndiyo iliyomrudisha kwenye mstari, mpaka akafa 1860.

Basi tumejaribu. Tangu mwaka jana kaka anaosha pikipiki kwa mjomba, saa moja mpaka saa kumi, hela anapewa kwa siku na siyo kwa wiki. Daftari limerudi. Mwandiko umekuwa mkubwa kama wa mtoto, lakini hesabu zinakubali. Hasira bado ipo, utani bado haurudi.

Helmeti najua mtaniambia. Sawa. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi, 2008, ulionyesha inapunguza vifo kwa asilimia kama 42 na majeraha ya kichwa kwa 69. Sheria ipo, trafiki wapo. Ninachodai mimi ni kingine, na hakina gharama: karatasi moja ya Kiswahili mgonjwa wa kichwa anapotoka wodini, imwambie mkewe kwamba anaweza kubadilika hasira, pesa na usingizi, na arudi kwa nani. Tungepata ile karatasi, laki mbili ya mganga ingekuwa nauli ya Dar.

Wadau wa Muhimbili na MOI mnaopitaga hapa: kwa mtu asiye na bima, aliyeumia miaka imepita, anaanzia dirisha gani? Andikeni hapo chini. Na wenye ndugu kama wangu pia, hata bila jina.