Shule zimefungwa, ngoma zimeanza: tunasherehekea nini hasa?

Haya, shule zimefungwa. Kwetu Mtwara taarifa hiyo hubeba mambo mawili kwa mpigo: watoto wako nyumbani, na ngoma zimeanza. Pita jioni Chikongola au Magomeni, nenda Mikindani, teremka mpaka Msimbati, au panda juu uwanda wa Makonde hadi Newala na Tandahimba. Turubai limefungwa, sufuria kubwa ziko kwenye mafiga, akina mama wamevaa kanga za sare, vigelegele mpaka usiku. Ukiuliza kuna nini, utajibiwa kwa kifupi tu: mwali anatolewa.

Desemba ina sababu yake. Ni likizo ndefu, kwa hiyo mtoto akiwekwa ndani hakosi masomo. Na ni msimu wa korosho. Minada imeanza tangu Oktoba, malipo yanaingia kupitia vyama vya msingi, na hata mama asiye na mkorosho hata mmoja, yule anayeuza maandazi au samaki wa kukaanga, anaona mzunguko wa pesa umebadilika. Mkoa wetu una miezi michache ya kushika noti. Ndiyo hii.

Mimi ni mwandishi wa habari, na msimu kama huu natarajiwa kuandika habari ile ile ambayo wenzangu wameiandika miaka nenda rudi: kiongozi fulani awataka wananchi kuacha kumaliza fedha za korosho kwenye ngoma. Mnaijua. Kiongozi anasimama jukwaani, anawagombeza akina mama, wanapiga makofi, anapanda gari. Jumamosi ngoma inalia kama kawaida. Leo sitaiandika habari hiyo, maana naona inaanzia mahali pasipo sahihi.

Hebu tujiulize kwanza: mama huyu anasherehekea nini?

Chukua mama wa pwani, kuanzia Msimbati mpaka huko Ruvuma inakoingia baharini. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, anashuka kutafuta pweza na kombe. Akirudi anapika, anateka maji, jioni anakaa na beseni lake barabarani. Mama wa uwandani naye anapalilia mikorosho, anaokota, anaanika, anabeba kwenda ghalani. Amefanya hivyo miaka kumi na mbili, kumi na mitatu, akimlea mtoto. Nani aliwahi kumpa cheti? Nani aliwahi kumwita mbele ya watu akamwambia asante? Siku ya ngoma ndiyo siku kijiji kizima kinakuja kumwambia hongera kwa kulea. Mashoga zake wanamtunza. Michango inaandikwa kwenye daftari kwa sababu kesho na yeye atarudisha. Ile ni heshima yake, na pia ni benki yake.

Tena kwa watu wa mto ule kuna jambo jingine. Ruvuma haijawahi kuwa ukuta. Wapo Wamakonde wa ng'ambo, upande wa Palma, na Wamakonde wa huku, wengi wao ndugu wa damu. Vita ya Cabo Delgado ilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 moto ukavuka mto mpaka Kitaya, kijiji chetu huku Tanzania. Kwa ukoo uliotawanywa na mambo kama hayo, siku ya kutoa mtoto ni siku ya kuhesabiana nani yupo na nani hayupo. Ukimwambia mama huyo kuwa ngoma ni upuuzi, hatakuelewa, na mimi nitakuwa upande wake.

Wala unyago si jambo la kuonea haya. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa kungwi na mpiga ngoma za unyago, na hao hao Wazungu walimpa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Sisi tuliokaa nazo ngoma hizi ndio tunazificha kwapani.

Sasa nije kwenye lalamiko langu, maana ninalo.

Hesabu hatua za mtoto shuleni. Kuna mtihani wa darasa la nne. Kuna wa darasa la saba mwezi wa tisa, kisha matokeo, kisha majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Kuna kidato cha pili, na kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Hizo ni hatua kubwa kweli kweli, lakini katika nyumba zetu nyingi zinapita kimya kama mtu anayepita uani. Binti kachaguliwa kwenda sekondari, baba anasema “vizuri”, mama anasema “alhamdulillahi”, halafu maisha yanaendelea. Binti huyo huyo akitolewa unyago, mtaa mzima haulali.

Kwa nini? Wengi watasema kwa sababu watu wa kusini hatupendi elimu. Mimi nakataa. Nimehudhuria mahafali kadhaa kwa ajili ya kazi yangu, na naomba nieleze ninachokiona pale. Mgeni rasmi amekaa kivulini, mzazi amekaa juani. Anasomewa risala kwa maneno magumu. Anaambiwa madawati hayatoshi, kwa hiyo achangie. Anaambiwa utoro umezidi, kwa hiyo ajirekebishe. Mama aliyemfikisha mtoto pale hapewi hata dakika moja ya kusimama. Kwenye ngoma ni mwenye shughuli, kwenye mahafali ni mtuhumiwa. Sasa wewe ungepeleka pesa yako wapi?

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye tatizo. Shule zetu zina mitihani, hazina sherehe ya mama. Unyago una sherehe ya mama, na hauulizi habari za shule. Anayeumia katikati ni binti.

Maana binti huyu Desemba anaambiwa mbele ya watu wote: umekua. Anapewa nguo mpya, anafundishwa adabu, usafi, namna ya kuishi na wakubwa, na mambo mengine ya utu uzima. Januari anaingia darasani, mwalimu anamwambia: wewe ni mtoto, fungua daftari. Nani amsikilize? Yule aliyemwambia kwa ngoma na vigelegele na watu mia mbili, au yule aliyemwambia kwa chaki? Zamani maneno hayo mawili hayakugongana, kwa sababu mwali alikuwa msichana mkubwa na ndoa ilikuwa inafuata punde. Siku hizi kwenye ngoma moja unaweza kukuta wa darasa la tano na dada yake wa kidato cha kwanza wanatolewa pamoja, kwa sababu kufanya mara moja ni nafuu. Yule wa darasa la tano tunamwambia kakua kwenda wapi?

Sheria kwa upande wake imeshasema. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi akakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka huo huo, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Yote mazuri. Lakini sheria huja baada ya jambo kuharibika. Neno la kungwi huja kabla.

Halafu kuna hesabu ya pesa. Mama akishatangaza tarehe ya ngoma, tarehe haisogei, wageni wameshaalikwa. Malipo ya mnada yakichelewa, anakwenda kwa mtu wa kangomba. Kwa msomaji asiye wa huku: kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa pembeni, nje ya chama, kwa kupimiwa kwenye chombo, na bei yake huwa ni ya kumkamua mwenye shida. Hivyo korosho ambayo ingelipa sherehe na sanduku la shule inalipa sherehe peke yake. Januari inafika. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, hilo tunashukuru, lakini sare haikuondolewa, viatu havikuondolewa, madaftari hayakuondolewa. Kama ni shule ya bweni kuna godoro na ndoo. Mtoto anakaa nyumbani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu... Wa kiume anakwenda kupakia mizigo. Wa kike, ambaye juzi tu kaambiwa kakua, anaanza kutazamwa.

Tunakumbuka msimu wa 2018. Wanunuzi walipogomea bei, Rais Magufuli aliagiza Jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Msimu kama ule unafundisha kitu kimoja: ngoma ikikosa pesa husubiri, Januari haisubiri. Mwali wa mwaka huu anaweza kuwa mwali wa mwakani. Nafasi ya kidato cha kwanza haina mwakani.

Sasa tufanyeje? Wapo watakaosema mila haibadiliki. Si kweli, na ushahidi uko hapa hapa mkoani. Karne iliyopita kule Masasi, mmisionari wa Kianglikana Vincent Lucas, ambaye baadaye akawa askofu, hakupiga marufuku jando. Alikaa na wazee, jando likabaki, yakaingizwa mafundisho ya kanisa. Unaweza kumkubali au kumkataa, lakini watu walipokea kitu kilichobadilishwa kwa sababu hakikuwa kimetukanwa kwanza.

Mimi nina mapendekezo matatu.

La kwanza, mwali atolewe akiwa amekua kweli, na tarehe ya shughuli ipangwe baada ya vifaa vya shule kununuliwa. Sanduku liwe limejaa, liwekwe ukumbini watu walione. Daftari la michango liwe na ukurasa wa pili: anayetaka kumtunza mama kwa doti ya kanga sawa, anayetaka kumtunza kwa jozi ya viatu vya shule sawa, na deni ni lile lile, atarudishiwa kwake.

La pili, tumpe kungwi neno la kuongeza. Makungwi wanaheshimiwa kuliko mwalimu, diwani na mimi mwandishi. Kungwi akimwambia mwali “umekua, maana yake unajua kusema hapana mpaka umalize shule”, neno hilo litakaa.

La tatu, mahafali yawe ya mama. Mwalimu mkuu amwite kila mama kwa jina, asimame na mwanawe, apigiwe vigelegele. Hotuba ya mgeni rasmi ipunguzwe. Haigharimu hata shilingi.

Na tuache kusema “kamaliza shule” kwa mtoto wa darasa la saba. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na walioanza darasa la tatu 2024 wamepangiwa kuishia la sita mwaka 2027. Darasa la saba tunalolihesabu kama mwisho wa safari linaondoka kabisa. Tusipohamisha sherehe, tutabaki tunashangilia kituo ambacho basi halisimami tena.

Nimewahi kuona inavyowezekana. Mama mmoja pale Mikindani, mchuuzi wa samaki, binti yake alipofaulu kidato cha nne alitoa kanga sare, akapika pilau, akaita ngoma. Majirani walinong'ona kwanza: mbona mwali alishatolewa, hii ni ya nini tena? Akawajibu kwamba ile ilikuwa ya mwili, hii ni ya kichwa. Wakacheza mpaka alfajiri. Mwaka uliofuata jirani yake naye akafanya.

Jirani akifanya, na mimi nifanye. Ndivyo ngoma zilivyoenea kwetu, na sioni kwa nini hii isienee. Kwa hiyo akina mama, chezeni. Mmelea, mna haki. Ila mwaka huu, kabla fundi wa ngoma hajalipwa, naomba sanduku lihesabiwe.

Nawasilisha.